Bibi Lusia na Mistari ya Kwaya

Bibi Lusia wa Endabash ameimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango kwa miaka thelathini na mmoja, na sijui kama amewahi kumaliza wimbo pamoja na wenzake. Shambani hakuna wa kumfikia: anachambua gunia la maharage ya ngwara jirani hajamaliza chai. Kwenye wimbo tu ndipo hana haraka.

Mwaka huu kwaya ilijiandikisha tena kwenye mashindano. Mwaka jana walikosa kombe kwa sababu mistari yao haikulingana. Mwimba besi mmoja alibaki peke yake nyuma kama ng'ombe aliyekosa mnunuzi mnadani, majaji wakakata alama. Safari hii mwalimu wa kwaya, Sylvesta, aliapa kwamba hataachwa mtu akining'inia. Akahesabu waimbaji: hamsini na mmoja.

Sasa, Sylvesta ni mtu wa sauti nne. Kwake kila kitu huanza kwa kugawanywa kwa nne, hata mkate. Akajaribu nne, wakabaki watatu. Akajaribu mbili, tano, sita; kote kukawa na waliobaki. Tatu hakuigusa kabisa, maana nani amewahi kuona kwaya ya sauti tatu?

"Hii namba tasa," akatangaza. "Haigawanyiki. Ila tukiwa hamsini, tunasimama mistari mitano ya watu kumi kumi. Kwa hiyo..." Akakohoa. "Bibi Lusia, wewe mwaka huu utatushangilia."

Ilimuuma. Tusifichane, ilimuuma mpaka chakula kikamshinda.

Asubuhi yake, akiwa uani anachagua mbegu za ngwara, alihesabu punje hamsini na moja, akazipanga kwenye ungo. Mbili mbili, ikabaki moja. Akazikusanya, akaanza tatu tatu. Fungu baada ya fungu, punje zikaisha, wala hakukubaki hata moja. Akahesabu mafungu: kumi na saba. Hakuyaamini macho yake, akarudia. Kumi na saba.

Alibeba ungo hivyo hivyo mpaka nyumbani kwa Sylvesta, mikono miwili, akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

"Mwalimu, hesabu mwenyewe. Mistari mitatu, kila mmoja watu kumi na saba."

Sylvesta akahesabu kwa kidole. "Lakini bibi, sauti ni nne!"

"Sauti ya tatu na besi si wanaume wote? Waweke nyuma pamoja, hawatang'atana."

Sylvesta alicheka mpaka akakaa chini, akamwomba radhi palepale. Tangu siku hiyo akashikwa na ugonjwa mwingine: kila namba aliyokutana nayo, hata ya bodaboda, aliigawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, bila kuruka hata moja.

Siku ya mashindano ikafika. Kwaya inajipanga, mara lori la vitunguu kutoka Mang'ola likasimama nje ya kanisa. Wakashuka Wilibrodi na Angelina, waimbaji waliokwenda kuvuna na waliodhaniwa hawatawahi. Walikuwa wamevaa sare, wanatabasamu. Hamsini na tatu!

Sylvesta akafunga macho. "Mbili, anabaki mmoja. Tatu, wawili. Tano, watatu. Saba, wanne." Akafumbua macho.

"Jaribu kumi na moja," Angelina akamwambia.

"Haina haja. Nane mara nane tu ni sitini na nne, imeshapita. Kigawo kikubwa kuliko saba lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote tumeshawajaribu. Hii sasa ni tasa kweli."

Macho yakaanza kumtafuta Bibi Lusia. Hakungoja kuambiwa. Alishaanza kufungua kitambaa cha sare kichwani.

"Vijana wamesafiri, mwalimu. Mimi nitashangilia."

"Funga kitambaa, bibi!" Sylvesta alipaza sauti hadi kwaya ya jirani ikageuka. "Namba tasa inagawanyika kwa yenyewe na kwa moja. Moja! Tunasimama mstari mmoja!"

Wakajipanga kuanzia mlango wa kanisa mpaka kwenye tangi la maji, bega kwa bega, Bibi Lusia katikati akijifuta machozi huku anacheka. Jaji mwenye daftari alitembea kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho akimtafuta aliyezidi. Hakumwona.