Kondoo wa Vailet

Nyuma ya nyumba ya Philomena, pale Nakwa, pembezoni mwa Babati, kulikuwa na kondoo ambaye majirani walimwita Mjomba. Jina hilo alipewa na Mama Modesti wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa breki. "Mama Vailet," alisema siku moja akichungulia juu ya ua, "huyu mjomba mtu atastaafu kabla mpwa wake hajazaliwa!" Wanawake wakacheka, Philomena naye akacheka, na jina likaganda. Alipoingia ndani hakucheka tena.

Mjomba alikuwa dume aliyehasiwa, mwenye mkia mpana uliojaa mafuta. Philomena alimnunua wiki ile ile binti yake Vailet alipofunga ndoa na Wiliam. Alimfunga kamba chini ya mparachichi, akawa anamlisha pumba, maganda ya viazi na majani ya maharage, na kumlambisha magadi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: binti akiolewa, mama huweka kondoo. Siku binti akijifungua kondoo anachinjwa, mafuta ya mkia yanayeyushwa, na mzazi ananyweshwa mchuzi wa moto mpaka jasho limtoke, mgongo ukaze na maziwa yashuke. Mama atakayekutwa na siku hiyo hana kondoo, watu atawatazama kwa macho gani?

Basi miaka sita ilipita. Mjomba akanenepa mpaka kusimama kwake kukawa ni shughuli, na mtoto hakuna.

Mara nyingi jioni, akimenya vitunguu, Philomena alijikuta amesimamisha kisu. Ilikuwa harufu. Mama yake, Kandida, aliteremka kutoka Mbulu juu ya lori la vitunguu mwaka ule Vailet alipozaliwa. Ilikuwa masika, barabara tope tupu, na lori lilikwama njiani wakalala humo humo, bibi yule, vitunguu na kondoo wake aliyemfunga mguu kwa mguu na yeye mwenyewe asije akaruka. Babati ya wakati huo ilikuwa mji mdogo, mgeni akiingia anajulikana. Watu walitoka madukani kumtazama bibi wa raba za plastiki, shuka limejaa tope, anamvuta kondoo katikati ya barabara na kuuliza kila anayekutana naye, "Kwa Fabiani ni wapi? Mwanangu amezaa."

Alikaa mpaka mvua zikaisha. Alimkanda Philomena mgongo, akamfunga tumbo kwa kanga, akamsimamia na kikombe cha mchuzi uliojaa mafuta. Philomena akikunja uso, mama yake alisema, "Kunywa. Usinitazame mimi, kunywa." Shuka lile lilinuka vitunguu mpaka siku alipoondoka, na Philomena alilia akilikumbatia pale stendi kama mtoto wa shule. Hakuna kipindi cha maisha yake alichokipenda kuliko kile.

Kwa hiyo watu walipodhani anataka mjukuu tu, hawakumjua. Mjukuu alimtaka, ndiyo. Lakini alitamani zaidi kuwa yule bibi wa kwenye lori. Alitamani na yeye afike mahali amebeba kitu, aambiwe karibu, ashike kikombe.

Vailet naye alikuwa Vailet. Alisomea upimaji ardhi, akapangiwa kazi Kiteto, akawa anashinda porini na mashine yake ya miguu mitatu. Mwanzoni Philomena alimuuliza kwa utani, "Vipi, hakuna habari?" Vailet akajibu, "Bado, mama." Baadaye Philomena akawa anauliza kila akipiga simu. Pasaka iliyopita ndipo alipoharibu kabisa. Wageni wamejaa sebuleni, yeye akamshika binti yake mkono, akampeleka hadi chini ya mparachichi.

"Unamwona huyu? Anakungoja. Na mimi nangoja. Unataka tufe wote wawili?"

Vailet alimtazama kondoo, akamtazama mama yake. "Mama, mimi na Wiliam tumekubaliana bado kidogo. Lakini siku hizi nikija hapa sikukuti wewe. Nalikuta hilo swali limekaa kwenye kiti chako."

Waliondoka kabla pilau halijaiva. Tangu siku hiyo Vailet hakukanyaga Nakwa. Simu zikawa fupi: shikamoo, marahaba, mvua zimenyesha, haya mama. Philomena aliogopa. Alianza kuona kwamba anaweza kumkosa mjukuu na binti kwa pamoja, ila kiburi kikamkalia kooni, hakuomba radhi.

Asubuhi moja ya Novemba simu ikaita. Alikuwa Wiliam.

"Shikamoo mama. Tupo hapa Babati, hospitali, tumeletwa jana kutoka Kiteto. Vailet amepasuliwa tumbo usiku, lakini anaendelea vizuri. Ni kwamba..."

Philomena hakuyasikia mengine. Simu ilishamtoka mkononi, iko chini kwenye pumba. Amepasuliwa! Tangu Pasaka hajamwona. Kumbe ndiyo maana haji! Kwao mimba haitangazwi, inafichwa mpaka yenyewe ijitangaze, na binti yake msomi, anayejifanya hayajui mambo ya kwao, alikuwa ameishika mila kuliko hata yeye.

"Baba Vailet!" alimwita mumewe. "Noa kisu!"

Alifungua sanduku, akatoa doti ya kanga mpya iliyonuka dawa ya nondo na kisweta kidogo cha manjano alichokifuma zamani. Akajaza uji kwenye chupa ya chai, akapanda bodaboda, kikapu mapajani.

Alikwenda moja kwa moja wodi ya wazazi. Nesi akatafuta, akatikisa kichwa.

"Hapa hatuna Vailet, mama."

"Yupo. Amepasuliwa usiku."

"Labda wodi ya upasuaji, ile ya upande wa pili."

Alimkuta Wiliam mlangoni, macho mekundu. "Ilikuwa kidole tumbo, mama. Daktari anasema kilibaki kidogo tu kipasuke chenyewe. Nilikuwa nakueleza, ukawa husikiki."

Philomena alikaa kwenye benchi. Kwanza alimlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwepo. Halafu maneno ya Wiliam yakamfikia: kilibaki kidogo. Mwanangu amekaribia kufa, alijiambia, na mimi nimepita huko namtafuta mtu mwingine. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Vailet alikuwa amelala chali, midomo imekauka. Macho yake yalikwenda kwenye kikapu, mahali mkono wa kisweta cha manjano ulipochungulia.

"Mama," alisema taratibu, "ulidhani nimejifungua."

"Ndiyo, mama."

"Pole, mama."

Jamani! Aliyepasuliwa ndiye anampa pole aliyekuja kwa miguu yake. Philomena alilia, hakujificha. Na katika kulia huko akamkumbuka mama yake jikoni, siku wanawake wa jirani walipokuja kumpongeza. Mmoja alimuuliza, "Bibi, umekuja kumwona mjukuu?" Kandida, akikoroga chungu, alijibu bila kugeuka, "Mjukuu ana mama yake. Mimi nimekuja kumwona mwanangu." Wanawake walicheka, na Philomena kitandani alicheka pia, akidhani ni ukali wa wazee tu. Maneno hayo alikaa nayo miaka yote hiyo bila kuyaelewa.

Alikunjua kanga mpya, akamfunika Vailet miguu. Miguu ilikuwa ya baridi.

Nyumbani alimkuta mumewe, mzee Fabiani, kando ya mparachichi, kisu kinang'aa na maji yanachemka. "Mtoto gani?" aliuliza.

"Hakuna mtoto. Ni kidole tumbo."

Mzee alikiweka kisu chini.

"Usikiweke mbali," Philomena akasema. "Siku atakayoruhusiwa, mchinje."

"Huyu si ni wa uzazi?"

"Huyu ni wa Vailet."

Vailet aliletwa Nakwa, akalazwa chumba chake cha usichana. Daktari aliporuhusu mchuzi, Mjomba alikwisha kuwa chunguni. Mama Modesti alichungulia juu ya ua, akaona kamba tupu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akapita kimya.

Philomena alisimama kando ya kitanda na kikombe. Vailet alinusa, akakunja uso.

"Mama, mafuta yote haya?"

"Kunywa. Usinitazame mimi, kunywa."

Alikunywa. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na Philomena akampangusa kwa ncha ya kanga, polepole, kama mtu asiyetaka kazi iishe. Dirishani ilionekana kamba ya Mjomba ikining'inia kwenye mparachichi. Vailet aliitazama.

"Mama."

"Ee."

"Ile kamba usiitupe."

Swali likamjia Philomena mpaka kwenye ncha ya ulimi, lile lile, la miaka sita. Alilimeza. Akachukua kikombe mikononi mwa mwanawe, akakichungulia ndani.

"Nikuongeze?" akauliza.