Maandishi ya Pembeni

Shangazi yangu ni mdadisi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Anabisha hodi nyumba kwa nyumba na madodoso ya taasisi ya utafiti, anauliza maswali, anatia alama kwenye visanduku. Lakini visanduku havimtoshi. Anaandika pembeni kwa penseli, vijineno kama sisimizi, hadi ofisini wakambatiza Mama Pembeni. Mimi ndiye ninayeingiza majibu yake kwenye kompyuta, na jamani, vile vijineno vimenitoa jasho.

"Shangazi, kompyuta haina pembeni!"

"Basi ni mbovu hiyo, mwanangu. Waambie wakununulie nyingine."

Safari hii kazi ilikuwa nzito. Wizara ilitaka kujua kama zahanati moja ya bondeni ifungwe. Taasisi ikaunda timu ya mchumi, daktari na mwanahistoria, kila mmoja na maswali yake, na mchumi akiwa mkuu wao. Swali la kumi na nne lilikuwa lake: je, ulijifungulia zahanati? Wanawake thelathini na mmoja kati ya arobaini wakasema hapana. Kwa mchumi mambo yalikuwa yamekwisha. Hawaitumii, ifungwe.

Kilichobaki ni sahihi ya Shangazi kwenye madodoso yake, ambayo mchumi aliyaita machafu. Alimwita mkutanoni, akamsukumia kifutio.

"Mama, futa haya, utie sahihi, ripoti iondoke. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, tusisumbuane."

Yaani mtu mzima anatishwa hivyo mbele za watu! Nilikuwa kwenye kona na kompyuta yangu, damu inanichemka.

Shangazi hakukigusa kifutio. Alivaa miwani, akaanza kusoma ya pembeni taratibu, bila kupandisha sauti.

"Nyumba ya tatu. Nilifika zahanati saa kumi na moja jioni, mlango una kufuli, nikajifungulia barazani. Nyumba ya saba. Barazani, mama mkwe alinizibia kwa shuka. Nyumba ya tisa. Mkunga alishaondoka. Mtoto hakupona."

Daktari akauliza mkunga huondoka saa ngapi.

"Saa tisa alasiri. Ila swali hilo hamkuliweka."

Mwanahistoria akajikuna kidevu. Alisema saa hizo zilipangwa zamani, zahanati ilipokuwa ya vibarua wa shamba tu, na tangu hapo hakuna aliyezibadilisha. Mchumi akavuta kiti karibu na Shangazi, akasema, haki ya Mungu nilimsikia, "Endelea, mama. Soma yote."

Wakayasoma yote. Ishirini na sita kati ya wale thelathini na mmoja walijifungulia barazani.

Ripoti iliandikwa upya. Barua ya wizara ilipokuja, nilikimbia nayo hadi jikoni kwa Shangazi nikipiga vigelegele: zahanati haifungwi, wanaongezwa wakunga wawili wa zamu, na yeye mkataba wake umeongezwa! Nilidhani atacheza. Aliisoma mara mbili, akakaa kwenye kigoda, akalia.

"Shangazi, vipi tena? Tumeshinda!"

"Unaikumbuka zahanati ya kule mlimani, iliyofungwa miaka sita iliyopita?"

"Naikumbuka."

"Kule pia niliandika pembeni. Wakaniambia nifute. Nikafuta."