Jina Langu Lilifaulu

Walioninyima shule ni wawili: baba mdogo na mwalimu mkuu wetu. Watu wananiambia nisamehe. Nitasamehe nikishamaliza kusema.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Mitumba imejaa gulioni, wanunuzi wa kamba wa baharini wanaingia vijiji vya delta na barafu zao. Mimi niko darasa la saba, nashika nafasi za mbele. Mtihani ukiwa karibu, nikavunja ungo. Kwetu binti akivunja ungo anawekwa ndani, haonwi na wanaume wala jua, mpaka atolewe kwa ngoma. Mama, mjane, alitaka nifanye mtihani kwanza. Baba mdogo akakataa.

"Shemeji, mwali akakae na wavulana darasani? Nani kafanya hivyo hapa?"

"Mtihani tu, shemeji. Anarudi siku hiyohiyo."

"Basi ngoma yake utaicheza peke yako."

Nikawekwa. Mchana nasuka ukili wa mikeka, madaftari nimeyakalia.

Siku ya mtihani mama alinilaza ndani ya mtumbwi, akanifunika makuti. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Katikati ya maji jirani mmoja akatukuta.

"Makuti ya wapi hayo, mama?"

"Ya kuezekea choo."

"Choo hicho mtalala humo?"

Mama akacheka, akaendelea kupiga kasia.

Darasani nikakuta kiti changu kina mtu: mpwa wa mwalimu mkuu, msichana mkubwa, aliyefeli mwaka wa nyuma. Msimamizi kutoka wilayani akaita jina langu. Tukaitika wote wawili.

"Mwalimu, ni yupi?"

"Aliyekaa. Huyo wa mlangoni ni mwali, katoroka ndani. Hana akili nzuri."

Wavulana wakacheka. Nikasema, "Niulizeni swali lolote la darasa la saba."

"Mwali hasemi mbele za wanaume," mwalimu mkuu akanijibu, akafunga mlango. Mama aligonga mpaka walinzi wakatutoa.

Wiki iliyofuata mtoto wa baba mdogo, aliyekuwa amefukuzwa shule kwa wizi, alirudishwa darasani na mwalimu mkuu. Ndipo mama akajua kwa nini shemeji yake alikuwa na haraka ya kuniweka ndani.

Jina langu lilifaulu, likaenda sekondari. Leo ni mtu wa ofisini Kibiti. Mimi nilitolewa, nikaolewa Mahege, nalima mpunga.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba mdogo kwa nini alitoa jina langu. Alikuwa anakula, hakuacha.

"Kwani yule binti jina kalimaliza? Si unalo bado, mwanangu."

Binti zangu wote wamefanya mtihani kwanza, ndipo nikawaweka ndani. Siku za kuwatoa, ngoma imelia mpaka kwa baba mdogo. Sikumwalika hata mara moja.