Dole Gumba la Bibi

Juzi, nyumbani kwangu Makambako, binti yangu alinionyesha kwenye simu mtungi uliochimbuliwa Nchi Takatifu. Una maelfu ya miaka, na kwenye kishikio bado ipo alama ya dole gumba la mfinyanzi. Hapo hapo nikanusa moshi wa majani makavu.

Nilikuwa mtoto wa miaka saba, na asubuhi ile kijiji chetu cha Yakobi kilikuwa na baridi ya kugandisha hata matusi. Bibi, mzaliwa wa kando ya ziwa kule Ludewa, alikuwa amefinyanga chungu kikubwa kama kanisa. Alibonyeza dole gumba kwenye shingo ya chungu, kisha akaniita.

"Mume wangu, weka na lako hapa pembeni. Kikipasuka motoni, nitamwambia kila mtu ni wewe."

"Na kisipopasuka?"

"Basi tumeoana!"

Siku kadhaa baadaye, kilipokauka, tulikifunika kwa majani makavu, tukawasha. Mara ukungu ukashuka, na unyevu ndio unaopasua vyungu. Sikupumua mpaka jioni. Kilipotoka, kizima na chekundu, bibi alikigonga kwa kidole. Kikalia hadi watu wa Igwachanya, mji wa mbali, wakageuka.

Kipo jikoni kwangu. Dole langu haliingii tena kwenye alama yangu. Linaingia kwenye yake, sawasawa.