Baba wa Kukodi

Juzi, katika shule moja karibu na Rodi Kopany, nilikuwa kwa naibu wa mwalimu mkuu kuuliza habari za mwanangu. Msichana aliyetumwa nyumbani wiki moja kwa utoro akaingia na "baba yake". Nilimtambua: ni fundi wangu wa viatu, hana mke wala mtoto.

"Mzee, mtoto wako anaitwa nani?" mwalimu akauliza.

Fundi akamkazia msichana macho. "Yawa, mwambie mwalimu jina lako! Ama hata hilo limetoroka?"

Msichana akalitaja huku akijiliza.

"Mwalimu, wiki moja nyumbani haitoshi," fundi akasema. "Mpe tatu!"

Msichana akaangua kilio, safari hii cha kweli.

Mwalimu akasimama kumpa fundi mkono. "Wazazi kama wewe wameisha. Utaingia kamati ya nidhamu."

Mimi niliyezaa niliambiwa nirudi kesho yake, nije na kitambulisho.