Tunda la Msonobari Kwenye Kichanja cha Samaki

Baba yangu amevua samaki kwenye maporomoko ya Kisangani tangu ujana wake, na machoni pake sijawahi kuchora samaki akafanana na samaki. "Mama, hii iko kiatu," huniambia mimi binti yake, akilifunga daftari langu la michoro polepole kama anayefunika chakula kilichochacha. Mimi ni mwalimu, wanafunzi hunisifu, lakini sifa niliyoitaka ilikuwa yake, na sikuwa nimeipata hata siku moja.

Ndipo dada yangu aliyeolewa Butembo, kwenye baridi, akaniletea tunda la msonobari. Lilipitia Bafwasende ndani ya lori, limefungwa kwenye soksi. Nilifurahi kwa ujanja. Baba hakuwahi kuliona tunda la namna hiyo, basi angejuaje kama nimekosea? Usilolijua ni kama usiku wa giza, nami nililitegemea giza lake.

Jumamosi nikakaa barazani na penseli. Magamba ya tunda yalikuwa yamefunguka wazi, nikayachora moja moja hadi upande wa kulia ukaisha. Nikalisahau palepale. Mvua ikanyesha, ile yetu isiyojua kuaga, na Jumapili baada ya misa nikalikuta limefumba kabisa, limekuwa jembamba. Nikapandwa na hasira, nikamwambia baba amelibadilisha.

"Nibadilishe na nini? Niko na ingine?" Akalinusa. "Bon, imekunywa mayi. Acha nikutengenezee."

Sikumsikiliza. Kwa ukaidi nikachora upande wa kushoto ukiwa umefumba vilevile, nikapaka rangi ya kahawia. Jumatatu natoka shuleni, tunda liko juu ya kichanja cha baba cha kukaushia samaki, katikati ya kambare, linakaushwa kwa moshi! Limekuwa jeusi na linanuka samaki. Nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia.

"Kitu yenye kulowa, dawa yake ni moshi," akasema baba, akishangaa. "Si imefunguka?"

Ilikuwa kweli. Magamba yote yalikuwa wazi tena.

Walimu wenzangu walipouona mchoro walisema ni kakakuona mgonjwa. Nikaona aibu, nikalificha daftari chini ya mto wa kiti, na bila shaka baba akaenda kukalia kiti hichohicho. Akalitoa, akalifungua, akalishika mbali na macho. Nikajiandaa kuambiwa ni kiatu.

"Huku iko jua," akasema, kidole kikiwa upande wa kulia. Kidole kikahamia kushoto. "Huku mvua ilishanyesha."

Nikasogea karibu naye, nikautazama mchoro wangu upya.

Akaanza kulifunga daftari, kisha akalifungua tena.

"Mais mama, moshi yangu umeiweka wapi?"

Nikaokota kipande cha mkaa chini ya kichanja, nikaanza kumchorea moshi wake, naye akasimama nyuma yangu kuangalia nisikosee.