Mlima wa Dirishani

Nilipofika chuo cha ualimu mjini Kitale, nikitoka kwetu Kachibora, nilimkuta mwenzangu wa chumba ameketi kitandani na laptopu mapajani, vidole vikikimbia. Kioo cha laptopu kilikuwa cheusi tititi. Fimbo nyeupe iliyoegemea ukuta ilinijulisha kwamba haoni, nikadhani mashine imezimika na yeye hajatambua. Nikamwambia hivyo kwa upole.

"Haijazima," akasema. "Nimezima kioo tu. Kinakula chaji bure, na mimi sikihitaji."

Akachomoa kisikizi kimoja sikioni akanipa. Nilichosikia kilifanana na mahindi yakimwagwa juu ya mabati. Nikamuuliza hiyo ni lugha gani. Akacheka, akabonyeza mahali, sauti ikapunguza mwendo kidogo kidogo mpaka ndani ya ule mvurumisho yakaanza kutoka maneno ya Kiingereza. Laptopu ilikuwa ikimsomea sura ya kitabu chetu cha makuzi ya mtoto. Kwa kasi ile ya kwanza alikuwa akielewa kila kitu. Mimi mwenye macho yangu mawili ningeihangaikia sura hiyo jioni nzima.

Kwao ni Webuye. Surua ilimpofusha akiwa mdogo, na aliniambia vitu anavyokumbuka kuviona ni vichache: moto wa jikoni, gauni la manjano la mamake, moshi wa kiwanda cha karatasi.

Tukazoea kusoma pamoja. Mashine ilishindwa na michoro. Ikifika hapo ilisema "picha" na kuruka. Basi mimi nilikuwa nikishika mkono wake, nikamchorea kiganjani kwa kidole, moyo na mishipa yake, naye alinirudishia ule mchoro kiganjani mwangu bila kukosea.

Muhula wa pili alirudi kutoka nyumbani na programu mpya kwenye simu. Ukipiga picha, simu inakueleza kilichomo. Wasichana wa vyumba jirani wakajaa kwetu, kila mmoja akitaka aelezwe alivyo. Mtungi wangu wa maji simu iliuita sanduku, tukacheka sana. Yeye akainuka, akapapasa hadi dirishani, akainua simu akapiga. Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha usiku na anga limetakata. Simu ikataja nguo kwenye kamba, ua wa miti, na nyuma yake mlima mkubwa wa rangi ya samawati.

Akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Ni Elgon huo."

"Na siku hizi zote ulikuwa hapo?"

Hakuna kati yetu aliyewahi kufikiria kumtajia mlima. Tuliuona tukianika nguo, tukipiga mswaki, hatukuusemea neno. Akaniomba nimwelekeze, nikamshika mabega nikamgeuza kidogo kushoto. Akasimama hivyo kitambo, uso wake ukipigwa na baridi, na mimi nikautazama ule mlima kana kwamba umeletwa asubuhi ileile.

Kisha akampigia mamake. "Mama, dirisha letu linaangalia mlima," akasema. "Leo hauna mawingu."

Sikusikia jibu. Nilimwona tu akiinamisha kichwa, na baadaye akanieleza kwamba mamake hakuuliza kitu, alianza tu kumshukuru Mungu kwa Kibukusu, lugha ya kwao, akaendelea hadi simu ikakatika.

Siku hizi anafundisha shule ya msingi Bungoma. Nilimtembelea muhula uliopita, nikakaa nyuma ya darasa. Katikati ya somo msichana mmoja mdogo alinyoosha mkono, akangoja, halafu akakumbuka.

"Mwalimu, nimeinua mkono."

"Nimeona," akasema. "Sema, mama."

Na yule mtoto akasema, bila kushangaa hata kidogo.